Bawaba ya Daraja la Dhahabu

3 Machi

Kwa Cheche, mwanangu,

Mimi mzima, mguu tu ndio unanisumbua nikipanda ngazi za jikoni kwetu kazini. Usishtuke kuona jina MamaCheche kwenye posta ya mchezo wako. Ni mimi. Mdogo wako Chiriku ndiye aliyeniwekea huu mchezo kwenye simu, akanichagulia mwili wa kibibi kinene chenye aproni ya ngozi. Nikamuuliza, huyo ni mimi kweli au unanicheka? Akasema vyote viwili.

Nikwambie nilivyokuona. Chiriku alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu yake, mara akaruka: "Mama! Kaka yuko hewani!" Nikaangusha kisu na kiazi pamoja. Kweli, jina lako, Cheche, lilikuwa na kitone cha kijani pembeni, na wewe umesimama kwenye karakana ya wahunzi, kofia yako ileile yenye manyoya, unagonga chuma kama vile hukuwahi kuondoka. Tangu ulipokwenda huko machimboni simu yako haipatikani, na ya yule mwenzako uliyeondoka naye haipatikani pia, na hatuna wa kumuuliza. Chiriku akakuandikia pale pale, kaka, kaka, kaka, hukujibu. Kitone kikazimika.

Sikulaumu. Nakumbuka ulivyosema pale mlangoni, begi liko begani: "Sitapiga simu mpaka nipate cha kusema." Nikasema haya, nikidhani ni mambo ya wiki mbili tatu. Mwanangu, cha kusema si lazima kiwe kikubwa. Hata ukisema umekohoa, mimi kwangu hiyo ni habari.

Mlango bado unapiga kelele. Ile bawaba ya chini uliyosema utaibadilisha ukirudi, haijabadilishwa. Fundi wa nyumba ya tatu alikuja na bisibisi yake nikamrudisha, nikamwambia mlango huo una mwenyewe.

Nijibu hata neno moja.

Mama yako


19 Machi

Kwa Cheche,

Kumbe barua yangu imefutwa! Nimekaa nasubiri jibu la kitu ambacho hakipo. Chiriku ndiye aliyenieleza sheria ya posta ya humu: barua tupu hukaa siku chache halafu inafutwa, iwe imesomwa, iwe haijasomwa. Lakini ukiifunga barua pamoja na kitu ulichofua mwenyewe, inakaa kulingana na ubora wa hicho kitu. Kikiwa kibovu, inakaa kidogo. Kikiwa cha daraja la fedha, inakaa sana. Kikiwa cha dhahabu haifutwi kabisa, mpaka yule uliyemtumia akipokee hicho kitu. Basi nimeamua, nitajifunza uhunzi. Hapa ninapoandika nacheka peke yangu.

Nimeanza vibaya. Kuna yule mzee wa duka la chuma, wa mlangoni mwa karakana. Nilimwamkia, kimya. Kesho yake nikamwamkia tena, kimya, ananitazama tu na ndevu zake. Nikamwambia Chiriku, huyu mzee hana adabu hata kidogo. Chiriku akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, huyo si mtu! Huyo ni mchezo wenyewe!" Haya, lakini bado namwamkia. Nitampitaje mtu mzima bila kusema kitu?

Hilo la kugonga ndilo linalonishinda. Chuma kikitoka motoni na kuwekwa kwenye fuawe, lile pande la kugongea, kinatokea kile kinukta, na duara linakuja linasinyaa kukizunguka. Mimi nikiliona tu duara nagonga, nagonga, nagonga, kama ninayeua mende. Wenzangu wa jikoni wamenikuta nafanya hivyo wakati wa mapumziko. Mpishi mkuu akasema, "Mama wewe, watoto wa shule wanasubiri uji, umekuwa mhunzi?" Nikamwambia ndiyo, na nikimaliza nitakufulia ulimi mwingine, huo umechakaa.

Nimefunga na barua hii msumari. Ndio wa kwanza uliokubali kuitwa msumari. Umepinda, usinicheke.

Unakula? Huko machimboni mnalala wapi?

Mama yako


21 Machi

Msumari umepinda kwa sababu unagonga mfululizo. Duara likianza kusinyaa, usiliguse. Subiri likutane na nukta, halafu gonga mara moja tu. Pigo la tatu huja haraka kuliko mawili ya kwanza. Kila mara. Kuna watu wamecheza miaka mingi hawajaligundua hilo.

Zima mtetemo wa simu. Unakuharibia mdundo.

Cheche


22 Machi

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Nimesoma mpaka Chiriku amenipokonya simu, anasema nitaimaliza. Umejibu! Hujasema mzima, hujasema unaumwa, umesema msumari. Nikamwambia Chiriku, huyo ndiye. Tangu mdogo alikuwa akiulizwa una nini, anakuonyesha kigari chake kilivyovunjika tairi.

Sikuulizi mengi. Ukipata cha kusema utasema. Lakini mimi nitakuuliza hivihivi, usipotaka pita. Kile kifua chako? Unavaa kitambaa puani ukiwa chini huko? Chakula mnapewa au mnajipikia? Nimeota umekuja na ndoo ya maji kichwani, unaniambia nipishe. Nimeamka nimefurahi.

Mtetemo nimezima. Pigo la tatu, ni kweli kabisa! Nimefua msumari umenyooka, wa kwanza. Nimemwonyesha mpishi mkuu akasema, "Huo unapigilia wapi sasa?" Wivu huo.

Nifundishe zaidi. Nataka barua yangu isifutwe tena.

Mama yako


30 Machi

Misumari ikikubali, nenda kwenye bawaba. Ndicho kitu chepesi kuliko vyote vinavyoweza kufika dhahabu. Ina mapigo mengi na inataka kurudishwa motoni katikati. Chuma kikianza kuwa na rangi ya majivu usigonge tena, kitapasuka. Rudisha.

Vukuta moto kwa kubonyeza na kushikilia, si kwa kubonyezabonyeza. Ukiachia, moto unaanza upya.

Sikiliza zaidi ya kutazama. Pigo zuri lina mlio mwembamba. Pigo baya lina mlio wa ndoo.

Shika simu kwa mkono wa kushoto, ikae vizuri kiganjani, gonga kwa gumba la kulia. Mimi ndivyo nilivyozoea tangu mwanzo, la kushoto huwa linachelewa. Gumba likitoka jasho, lipake unga kidogo.

Cheche


14 Aprili

Kwa Cheche,

Nimesoma. Gumba la kulia. Haya.

Nimechelewa kujibu, tulikuwa na wageni, nyumba ilijaa. Si kitu.

Bawaba inanishinda bado. Nauliza tu, hizi bawaba za humo ni za nini? Kuna mlango mahali, au nyumba, mtu anakwenda kuifunga? Nimezunguka kijiji chote cha mchezo na kile kibibi changu, sijaona mlango unaofunguka.

Endelea kunifundisha, tafadhali. Usiache.

MamaCheche


16 Aprili

Wewe unayejiita Cheche,

Mimi ni Chiriku, mdogo wake Cheche wa kweli. Naandika kwa jina langu la mchezo, mama hajui.

Kaka yangu hajawahi kuweka nukta mwisho wa sentensi tangu azaliwe. Wewe unaweka zote, na mikato pia. Nikajisemea labda machimboni wamemfunza adabu. Halafu jana ulipokuwa hewani nikakuuliza, ulikuwa unaniitaje ukitaka nikuletee maji? Ukaondoka pale pale bila neno.

Nakuuliza mara moja. Kama wewe ni kaka, niite. Kama si kaka, simu ya kaka umeipata wapi?

Na ujue hatukuwa na wageni wowote hapa. Mama alipopata barua yako ya bawaba alilala ameupa ukuta uso, kazini hakwenda. Kasema ni mguu. Mimi nadhani amechoka kukusubiri urudi. Sasa jibu.

Chiriku


18 Aprili

Dada Chiriku,

Mimi si kaka yako. Nisamehe kwa kuanza hivyo, sijui kuanza vingine.

Mimi ni mlinzi wa geti kwenye ghala la vipuri, mbali na hayo machimbo. Simu yangu ilikufa, nikanunua nyingine kwa muuza simu za mitumba. Laini haikuwemo, picha zilikuwa zimefutwa, lakini mchezo ulikuwa umesahaulika ndani. Nikiubonyeza unafunguka wenyewe, na yule mtu wa kofia amesimama na nyundo yake. Getini hakuna cha kufanya kati ya gari na gari. Nikaanza kugonga. Nikawa hodari.

Barua ya kwanza ya mama yako niliisoma. Sikujua nijibu nini, nikaiacha ifutike. Nilitaka kuufuta na mchezo. Halafu ikaja ya pili, na ule msumari. Nikajibu habari za msumari kwa sababu ndizo pekee nilizokuwa nazijua. Nilidhani nitajibu mara moja nimalize. Akaandika "mwanangu" mara tatu mfululizo. Dada, mimi mama yangu alishafariki.

Niambie nifanye nini, nitafanya. Ukisema nimwambie leo, namwambia leo.

Mlinzi


18 Aprili

Usimwambie.

Nimekaa chooni na simu naandika humu ili asinione uso. Nilikuwa nimejiandaa kukutukana, nimeshindwa, nitakutukana siku nyingine.

Sikiliza. Mama siku hizi anakula. Kabla ya zile barua alikuwa anapika, anatupakulia, halafu anasema amekula kazini, na kazini anasema amekula nyumbani. Sasa hivi anakula na simu imeegemezwa kwenye kikombe, anapigana na bawaba. Ukimwambia, tutarudi kule.

Mjibu kama ulivyokuwa unamjibu. Mambo ya chuma tu. Usimwite mama, kaka hakuwa anamwita hivyo, alikuwa anamwita Bosi. Hapana, usimwite Bosi pia. Usimwite kitu.

Hiyo simu, kona ya juu ina ufa kama unywele? Na nyuma kuna kibandiko cha gari jekundu kimekwanguliwa nusu?

Chiriku


19 Aprili

Ina ufa. Kibandiko kipo, nusu.

Mlinzi


20 Aprili

Umeuliza kuhusu mlango. Hakuna. Bawaba za humu hazifungwi popote, ni za kujifunzia mkono. Ukifua unaweza kuiuza kwa yule mzee au kumtumia mtu.

Nitumie moja uliyoharibu, hata kama imepasuka. Nikiiona nitajua kosa liko wapi.

Cheche


6 Mei

Kwa Cheche,

Nakutumia hii iliyopasuka. Usiogope, zipo nyingi, nimejaza sanduku la kile kibibi mpaka mchezo unanikatalia kuokota kitu kingine.

Nikueleze ninavyofanya, wewe uone kosa. Naweka chuma motoni, navukuta kwa kushikilia kama ulivyosema. Kinakuwa chekundu. Kinakuja rangi ya chungwa. Hapo naogopa kitaungua. Nakitoa. Chiriku anapiga kelele, "Mama, bado!" Nami nimeshakitoa. Nikikigonga hakisikii, kigumu, na nikikirudisha motoni nakitoa tena mapema, mwisho kinapasuka.

Siwezi, mwenzangu. Maisha yangu yote napikia watu wengi. Ukiwa na sufuria la maharage la shule nzima, ukisikia harufu kidogo tu ya kuungua, mkono unakwenda wenyewe kabla ya akili. Sijawahi kuunguza sufuria. Mpishi mkuu ameshaunguza, mimi sijawahi. Sasa leo Chiriku ananiambia niache kitu kwenye moto mpaka kiwe cheupe?

Hapa mvua imeingia. Mlango umevimba, sasa unapiga kelele kufunguka na kufungwa. Chiriku ameanza kazi ya kukata tiketi kule kwenye maegesho, anarudi sauti imemkauka, nyumba imekuwa na ukimya ambao sikuujua. Nakwambia haya kwa sababu sina mwingine anayenijibu.

Wewe unalala mahali pakavu? Una mtu wa kukupikia? Nauliza wewe, jibu ukitaka.

MamaCheche


8 Mei

Nimeitazama. Mapigo yako ni mazuri. Kosa ni moto tu.

Unakitoa unapoogopa. Fanya hivi: kikifika rangi ya chungwa, angalia pembeni. Tazama dirisha. Kiache kipite hapo unapoogopa, mpaka uwe na hakika kabisa kwamba umeshakiharibu. Hapo ndipo. Rangi iwe ya njano inayokwenda kwenye nyeupe. Mchezo hauunguzi chuma mpaka kianze kutoa cheche, na hapo bado una nafasi ya pumzi moja.

Mara nyingi utakiunguza kweli. Usihesabu.

Napata pakavu. Najipikia mwenyewe, vibaya.

Cheche


2 Juni

Kwa mwenye simu,

Nimeipata ya dhahabu. Imetoka kabla sijaenda kazini, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nje na kiatu mguu mmoja. Chuma kilifika rangi ya chungwa nikatazama paa la jirani. Nikasikia mwili mzima unaniambia toa, toa, nikasema acha kiungue basi, kwani mimi nifanye nini. Nilipogeuka kilikuwa cheupe. Nikagonga, kila pigo mlio mwembamba. Nikakitumbukiza majini, moshi ukafunika kila kitu, ulipoondoka bawaba ilikuwa inang'aa njano. Sikupiga kelele. Chiriku alinikuta nimekaa vilevile na kiatu kimoja.

Sasa nikwambie jambo lingine. Nimegonga kwa gumba la kushoto.

Mwanangu ni wa mkono wa kushoto. Anaandika kwa kushoto, anakula kwa kushoto, anarusha jiwe kwa kushoto. Ule mchezo alikuwa akiucheza pale kwenye kochi ameinua hicho kigumba cha kushoto kama anayeomba lifti. Uliposema gumba la kulia, ndivyo ulivyozoea tangu mwanzo, nilielewa. Nilisoma ile sentensi nikaenda kulala. Hakukuwa na wageni.

Nikaamka nikajiuliza, nikwambie kwamba najua? Nikaona nikikwambia utaacha kuandika, na mimi nitabaki na nini? Nikaendelea kukuuliza bawaba. Kila siku najua si yeye, na kila siku nikiona kitone cha kijani naruka. Usiniulize inakuwaje, mimi mwenyewe sijui. Nilimficha Chiriku ili asiumie. Kumbe na yeye ananificha, nimemwona juzi anasoma barua yako amefunika skrini kwa mkono. Hii nyumba tumekuwa kama wezi, kila mmoja na mlango wake.

Haya, yameisha. Sina hasira na wewe. Nakuomba kitu kimoja tu. Rudi kwa huyo aliyekuuzia, muulize simu ya mwanangu aliipata wapi. Usinipunguzie. Mimi nimeshatazama pembeni, sasa nimegeuka.

Mama yake Cheche


9 Juni

Shikamoo mama,

Nimekwenda. Sitapunguza, kama ulivyotaka.

Muuza simu alikuwa mkali mwanzoni. "Wewe unataka kunirudishia simu iliyochakaa mikononi mwako?" Nikamweleza. Akanyanyua gunia chini ya meza, akasema simu zile zilikuja humo, kutoka kwa mama mmoja mwenye nyumba ya kupangisha vyumba kule machimboni. Akanipa namba yake. Nikapiga.

Anasema wachimbaji hawashuki na simu, wanaziacha chumbani. Mtu asiporudi, yeye anamtunzia vitu vyake. Akikaa sana bila kuja yeye wala ndugu yake, anauza. Anasema hajui pa kuwapata ndugu, maana simu zimefungwa kwa namba za siri na wapangaji wengi hawaachi hata jina kamili. Muuza simu ndiye anayejua kuzifungua.

Nikamuuliza kama anamkumbuka kijana mmoja wa mkono wa kushoto. Akasema, yule aliyekuwa akikaa mwisho wa benchi ili kiwiko chake kisigongane na wenzake wakati wa kula? Namkumbuka. Mtaratibu. Alikuwa ananitengenezea makomeo ya milango bila kuombwa.

Mama, shimo moja liliporomoka. Waliokuwa chini hawakutolewa, walisema ni refu na udongo bado unatembea. Hakuna aliyeandika majina ya walioshuka siku ile. Yule mwenzake aliyeondoka naye pia hakuonekana tena. Yule mama aliingia chumbani kwao siku ya pili. Vitanda vyote viwili vilikuwa vimetandikwa. Simu ya mwanao ilikuwa chini ya mto. Buti hazikuwepo.

Nilimuuliza kama kuna watu walioondoka bila kuaga wakaenda machimbo mengine. Akasema wapo. Nikamuuliza kama huwa wanaacha simu. Hakunijibu hilo.

Hiyo simu ni yenu. Nitaituma kwa basi, nipeni tu mahali pa kuipeleka. Mimi nitapata nyingine.

Sijui kuomba msamaha kwa maneno makubwa. Nilikujibu mambo ya chuma tu, na ya chuma yote yalikuwa kweli.

Mlinzi


27 Juni

Kwa Mlinzi,

Asante. Umenieleza kama nilivyoomba.

Chiriku alilia siku ile, mimi sikulia, nikakoroga uji wa shule. Nimelia jana, kwa sababu ya ile habari ya komeo. Mlango wa kwao huku haukumalizika, kumbe mkono ulikuwa unafanya kazi kwa watu.

Nilitaka niende huko. Chiriku alikubali tuende wote. Nilimpigia yule mama wa vyumba kwa ile namba uliyompa Chiriku, akaniambia, "Dada, njoo ukitaka, nitakupa kitanda bure. Lakini nikuambie ukweli, hakuna pa kusimama. Wamezungushia uzio, kwa ndani ni tope." Nimekaa na hilo neno, hakuna pa kusimama. Sijaenda. Sijui kama nitakwenda.

Simu usitume. Chiriku anaitaka, tumegombana. Nimemwambia ikija hapa itawekwa kabatini, itaisha chaji, na hakuna atakayeigusa kwa kuogopa. Kwako inawaka. Cheza. Gari zikipungua getini, gonga. Najua ni wewe. Lakini nikiwa na sufuria mkononi na nikitazama haraka, kitone kikiwa kijani, kuna kipande kidogo cha muda kabla sijakumbuka. Hicho ndicho nilichobaki nacho, usinizimie.

Na ujifunze kupika. Maharage loweka kabla, chumvi weka mwisho. Kama mimi nimeweza bawaba, wewe huwezi maharage?

Sasa nisikilize vizuri. Baada ya barua hii naleta nyingine, imefungwa na ile bawaba ya dhahabu. Si yako, ni yake. Isome ukitaka, sina siri tena. Lakini bawaba usiipokee. Mchezo utakuuliza kila ukifungua posta, pokea, pokea, wewe kataa. Ukiipokea barua inafutwa. Usipoipokea, inakaa.

Mama yake Cheche


27 Juni

Mwanangu,

Mimi mzima, mguu vilevile.

Hii ndiyo bawaba. Nimeifua mwenyewe, kwa gumba lako. Mwalimu wangu anasema huku ndani haina mlango wa kufungwa, basi iache hapo ilipo.

Ulisema hutapiga simu mpaka upate cha kusema. Nimekaa nikikisubiri hicho kitu kama vile kitakuja na gari. Nilipaswa kukwambia palepale mlangoni kwamba mimi sihitaji cha kusema. Nilisema haya, nikakupa mikate kwenye mfuko, nikarudi ndani kwa sababu kulikuwa na kitu jikoni. Sikumbuki hata kilikuwa kitu gani.

Chiriku anafanya kazi, amekonda kidogo lakini mdomo umeanza kurudi. Kigari chako chenye tairi moja kiko juu ya kabati. Yule mzee wa duka la chuma bado namwamkia, bado hajibu.

Jana nilimwita fundi wa nyumba ya tatu. Ameweka bawaba mpya, ya dukani. Hakutaka kitu, alifanya kazi bila kuniangalia usoni, akaondoka. Mlango haupigi kelele tena. Chiriku amepita mara mbili leo sijajua kama ametoka au ameingia.

Ninakuandikia hili ili ulijue. Nikiwa jikoni nimeupa mlango mgongo, sitasikia. Usisimame hapo unanisubiri nigeuke. Niguse bega.

Bosi wako,
Mama